Rosa achongwe akiwa hai

Mchongaji atakayethubutu kumtoa Rosa Mistika kitabuni na kumtia kwenye mti, ninamwomba jambo moja: asimchonge maiti.

Riwaya yenye jina lake, ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1971, na mwanzoni ikapigwa marufuku mashuleni. Wengi wanaikumbuka kwa namna Rosa alivyojiua. Mimi, mwalimu wa Kiswahili hapa Ifakara, nawarudisha wanafunzi kwenye kurasa za mwanzo, kwa binti wa Ukerewe anayechapwa na baba yake, Zakaria, kisa barua ya mvulana. Kipigo kile kilimtia woga tu, akili ya kujilinda hakikumpa. Alipofika bwenini Mwanza, kisha chuo cha ualimu huku kwetu Morogoro, fimbo ya baba ilikuwa mbali, na hakuwa na kingine cha kushika.

Mabinti wa aina hiyo ninao darasani. Msimu wa mpunga wazazi wanahamia shamba, bondeni huko, na watoto wanabaki geto mjini ili wasikose masomo. Wanaachiwa mchele na onyo. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu aliyepata mimba arudi shule baada ya kujifungua. Uamuzi mzuri sana. Lakini wapo kina baba ambao hadi leo hawajamfungulia mlango binti huyo.

Kumchonga mwanamke kwa heshima, mchongaji Wangechi Mutu, Mkenya, ameonyesha inavyowezekana. Wagiriki wa kale walimchonga mwanamke akiwa nguzo ya kubeba paa. Afrika nako wengi walimfanya mguu wa kigoda cha mkubwa. Mwaka 2019 Mutu aliweka wanawake wanne wa shaba mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wameketi, wima, hawakubebeshwa kitu.

Kwa Rosa ningechagua mpingo. Kiini chake ni cheusi, lakini kwa nje kuna utepe wa mti mweupe ambao mafundi wengine huuacha makusudi. Utepe huo uwe barua: Rosa ameibana kifuani kwa kidole gumba, shingo imegeukia mlangoni. Msasa usipite shavuni, alama za patasi zibaki.

Awekwe shuleni, pale wazazi wanapokaa siku ya kikao. Zakaria asichongwe. Baba yeyote atakayesimama mbele ya Rosa atakuwa amesimama mahali pake.