Seli za Daudi: Ilani ya Mbulu na Hanang

Sisi ni wakulima wa vitunguu saumu wa Mbulu, wafugaji wa Basotu, wauguzi, na wazazi tuliowahi kuuza ng'ombe ili kufuatilia majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachopelekwa kupimwa. Tunaungana leo kwa jambo ambalo wengi watatuambia halituhusu: tiba ya saratani kwa seli zilizoundwa upya.

Mfugaji ataielewa upesi. Ng'ombe aliyepotea hujulikana kwa chapa yake. Baadhi ya saratani za damu nazo zina chapa, iitwayo CD19. Wataalamu huchukua seli T, yaani askari wa kinga, za mgonjwa mwenyewe, wakazitia jeni ya kipokezi kinachoisoma chapa hiyo, wakazizalisha kwa wingi, kisha wakamrudishia kwa dripu. Zikiiona chapa, zinaua. Zinaua hata seli nzima zenye chapa ileile, na homa yake yaweza kumlaza mgonjwa chumba cha mahututi. Hatuuzi miujiza.

Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2017, ikauzwa kwa dola 475,000. India ikaidhinisha ya kwake mwaka 2023, ikauzwa kwa takriban sehemu ya kumi ya bei hiyo. Kumbe bei hupangika.

Wala hatuombi sadaka. Mwaka 1967, seli za uvimbe wa kijana wa Kenya mwenye limfoma ya Burkitt zilioteshwa maabara zikaitwa Daudi. (Wana Mbulu watatabasamu: tuna kata yenye jina hilo.) Hadi leo watafiti huzitumia kupima iwapo seli walizounda zinaua saratani kweli. Afrika Mashariki ilishalipa. Risiti ndiyo haijatoka.

Dai la kwanza ni kinyama. Mtoto aliyevimba taya, ambaye ugonjwa wake haujapewa jina, seli za kuundwa hazitamfaa kitu. Na Burkitt ikiwahiwa, dawa za zamani za dripu huponya watoto wengi. Kinyama kilichochukuliwa Haydom au Katesh kipate majibu kabla mzazi hajauza ng'ombe wa pili. Nauli ya rufaa ya Moshi na ya hospitali ya saratani ya Ocean Road iingie kwenye bima. Majaribio ya tiba hii yakifika nchini, orodha ya wagonjwa isiishie Dar es Salaam. Na yeyote atakayetaka damu yetu kwa utafiti aandike kwanza, kwa Kiswahili, Kiiraqw na Kidatoga, dawa itakayotokana nayo tutauziwa kwa bei gani.

Sahihi tutaanza kuzikusanya Daudi.