Karani Mtu Mzima na Masomo ya Sheria



Yako maneno yasemwayo mara nyingi katika ofisi zetu, ya kwamba mtu akiisha kupita miaka arobaini masomo ya sheria si yake tena. Aliyeyakosa ujanani na ayaache, angojee kiinua mgongo. Maneno hayo husemwa kwa upole, kama nasaha, na ndiyo sababu yameshika. Mimi nasema si ya kweli, tena yanatutia hasara sisi tulio huku Chala kuliko wenzetu wa mijini. Illakini wako pia wajitiao katika safari hii pasipo kuhesabu miaka wala fedha, na hao nao nina neno kwao.

Na tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mawakili humwuliza mtu elimu yake na mwenendo wake. Haimwulizi alizaliwa lini. Matangazo ya kazi za Serikali huweka mpaka wa miaka 45, lakini kwa kawaida husema wazi kwamba mpaka huo hauwahusu walio kazini Serikalini. Basi mlango tuliodhani umefungwa kwa sababu ya mvi, kwetu sisi makarani u wazi kuliko kwa mtu wa nje.

Wala si jambo geni kwa watu wa kazi yetu. Benedicto Kiwanuka wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1922, alikuwa askari wa King's African Rifles wakati wa vita, na baada ya vita akawa karani na mkalimani katika Mahakama Kuu. Kazi ya mkalimani twaijua: ni kusimama kati ya hakimu na mshitakiwa, kuyachukua maneno ya wote wawili, na kutokuwa na neno lako mwenyewe. Akaenda Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, kisha London kusoma sheria, na mwaka 1956, naye ana miaka 33, akakubaliwa kuwa wakili. Mwaka 1971 akawa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukikalia kiti hicho. Mwezi wa Septemba 1972 aliamuru afunguliwe mtu aliyezuiliwa na askari kinyume cha sheria. Siku chache baadaye watu wa Idi Amin wakamkamata ndani ya jengo la Mahakama Kuu, wala hakurudi. Nadhani mtu aliyekuwa mkalimani zamani aliijua vema thamani ya amri kama ile kwa aliyefungwa.

Mtajibu kwamba miaka 33 si 45. Ni kweli, na hesabu yenyewe ni hii. Shahada ya sheria ni miaka mitatu au minne kwa asomaye mchana. Kwa asomaye usiku baada ya kazi huwa mingi zaidi. Chuo Kikuu Huria, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilifanywa kwa ajili ya watu wa namna hii. Baadaye ni kwenda Dar es Salaam katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, muda wa kama mwaka mmoja. Aanzaye akiwa na miaka 42 aweza kufika mwisho akiwa na 48 au 49. Utumishi wetu hukoma kwa lazima mtu atimizapo 60, na kwa hiari atimizapo 55, bali wakili hana umri wa kustaafu. Mwenzetu aliyeanza kuchelewa aweza kushika kalamu yake hata miaka 70, hali sisi tuliomcheka tumekaa barazani tukiota jua la Ufipa.

Lakini asije mtu akadhani ni njia nyepesi. Mwezi wa Oktoba 2022 yalipotangazwa matokeo ya Taasisi ile, katika wanafunzi 633 waliofaulu walikuwa 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ilinung'unika, na Waziri akaunda kamati ya kuchunguza. Kijana aliyeshindwa aliweza kurudi kwa baba yake. Mtu mzima ndiye baba, na ada aliyoilipa ilitolewa katika karo za watoto. Tena, ijapokuwa mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, hukumu na vitabu vingi bado ni vya Kiingereza. Aliyetoka shuleni miaka ishirini na mitano iliyopita na akinoe Kiingereza chake kwanza, ndipo alipe ada.

Liko na jambo la heshima. Abadilishaye kada huanza chini katika kada mpya. Mkuu wake atakuwa mtu amwamkiaye shikamoo asubuhi, na kabla ya adhuhuri akamrudishia rasimu yake imejaa wino mwekundu. Asiyeweza kuvumilia hayo asijisumbue.

Sasa kwa nini nasema hasara ni ya Chala? Kesi zetu ni za mipaka ya mashamba, mirathi, na ng'ombe walioingia katika mahindi. Zamani shauri la ardhi liliweza kuamuliwa na Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza hilo husuluhisha tu, halihukumu; suluhu ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, penye fomu, ada na taratibu zake. Tena mwaka ule ule mawakili, waliokuwa wakikatazwa kusimama katika Mahakama za Mwanzo, waliruhusiwa kuingia katika zile ziongozwazo na Hakimu Mkazi. Zamani mwenye mali na maskini walisimama pale sawasawa, kila mtu kwa kinywa chake. Leo mwenye mali aweza kuleta wakili kutoka Sumbawanga, na mjane asiyejua kusoma amjibu yeye mwenyewe. Hao wajane hutujia sisi na karatasi zao, kwa kuwa ndisi wenye kusoma, nasi twawasomea tarehe ya shauri wala hatuwezi kuwaambia zaidi.

Kwa aliyepita miaka hamsini, maoni yangu ni kwamba aache shahada, aishike Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hiyo humtambua msaidizi wa kisheria, ambaye hasimami mahakamani kama wakili wala hatozi ada, lakini aweza kumwelekeza mtu na kumsaidia katika taratibu za kupata nyaraka zake. Si kazi ya daraja la pili; katika Chala huenda ndiyo ya kwanza kuhitajiwa.

Kwa walio chini ya umri huo, kizuizi kikubwa ni ule mwaka wa Dar es Salaam. Chama na kiwaandikie waajiri, kiombe ruhusa ya masomo yenye mshahara kwa mwaka huo mmoja, kwa sharti kwamba mtumishi atarudi kufanya kazi katika wilaya yake kwa muda utakaokubaliwa. Atakaye jina lake litiwe katika barua hiyo na ampelekee Katibu kabla ya mkutano ujao, pamoja na cheo chake, umri wake, na mwaka akusudiao kuondoka.