Serikali Mtandao Isiwe Maficho ya Urasimu

Urasimu tuliokuwa tukiupiga vita zamani ulikuwa na meza, faili na karani aliyesema "njoo kesho". Wa leo hauna meza. Umo ndani ya simu, nao husema "nywila si sahihi".

Chukua kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa katika mwalo wa Guta, Bunda. Wakitaka mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, sharti waingie katika mfumo wa Wezesha. Leseni ya biashara iko TAUSI. Namba ya mlipakodi iko TRA. Jina la biashara husajiliwa BRELA. Na wakithubutu kuomba zabuni, maana Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imeyatengea makundi maalum sehemu yao, mlango ni NeST. Mifumo mitano, usajili mara tano, nywila tano. Na mara kwa mara huulizwa namba ileile ya kitambulisho cha Taifa, kana kwamba Serikali haijapata kukutana na raia hawa.

Matokeo yake yanaonekana katika vibanda vya steshenari vya Musoma na Bunda. Kijana wa kompyuta hufungua akaunti kwa barua pepe aliyoitunga mwenyewe, akaandika nywila katika daftari lake. Tangu siku hiyo kikundi hakiwezi kujua hata kama maombi yake yamekataliwa, mpaka kimlipe tena. Kijana huyo simlaumu, anauza anachokijua. Lakini mkulima wa Butiama anayepanda gari hadi Musoma kuulizia nywila yake mwenyewe amekwisha kunyang'anywa mamlaka juu ya mambo yake.

Wataalamu husema kila taasisi ina sheria yake na mfumo wake. Ni kweli. Mbona basi katika malipo iliwezekana? Tangu 2017 mfumo wa GePG umeziwezesha wizara, halmashauri na hospitali kukusanya fedha kwa namba moja ya malipo, na bibi wa kijijini huilipa kwa simu bila ya kujua imetoka katika mfumo gani. Serikali iliyoweza kujenga lango moja la kupokea fedha za wananchi haina udhuru wa kushindwa kujenga lango moja la kuwahudumia. Ng'ambo ya Sirari, Kenya ilizindua huduma zaidi ya 5,000 katika eCitizen mwezi Juni 2023. Mamlaka ya Serikali Mtandao imepewa nguvu na Sheria ya 2019. Izitumie.

Hata hivyo, lango peke yake halitoshi, mgeni hupokewa. Mwalimu, mzaliwa wa Butiama, aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, kijitabu cha Kiswahili mkononi, kiongozi wa kikundi akiwa kati yao. Leo tunamwachia mwananchi ukurasa, mara nyingine wa Kiingereza, tukaondoka.

Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata wanawafahamu wanavikundi hawa kwa majina. Wapewe mafunzo, vifaa, na siku moja ya kila juma ya kukaa nao katika ofisi ya kata, ili mama wa Guta atunge nywila yake mwenyewe, katika simu yake mwenyewe.