Afya ya Familia: Kutu ya Mafuta Mwilini

Samaki wanaokaangwa soko la Feri, Kivukoni, hulisha nyumba nyingi mjini. Mafuta ya alizeti hayana lehemu, yaani kolesteroli, lakini samaki anayo. Moto mkali na hewa huipa kitu kama kutu.

Lehemu si adui, kwani hujenga kuta za chembe hai. Ila hata mwilini, ndani ya kuta za mishipa, oksijeni huweza kuiharibu. Chembe nyeupe za damu huimeza hadi hufanana na povu. Mshipa husonga, na moyo au ubongo hukosa damu.

Kipimo cha kawaida hospitalini hueleza wingi wa lehemu, si kutu yake. Kutu hupimwa katika maabara za utafiti, na kwa hadhari kubwa: damu ikiachwa wazi, lehemu huendelea kuharibika chupani na kipimo hudanganya.

Basi tusingoje kipimo hicho. Mafuta ni ghali, na kuyamwaga kunauma. Afadhali kukaanga kwa mafuta kidogo yasiyobaki, au kupika mchuzi. Yaliyogeuka meusi yasirudi motoni. Sigara nayo iachwe, na shinikizo la damu lipimwe.