Treni itapita Divuma. Je, itasimama?

Siku hizi kila mukubwa anasema juu ya Lobito. Wanahesabu tani za shaba na kobalti, wanahesabu siku ambazo makamio yanalala mustari pa Kasumbalesa, na wanasema reli ya kuelekea bahari ya Angola itapunguza ile taabu. Ni vizuri, na sisi tunaitaka. Lakini katika hesabu hizo zote hatujasikia jina la Divuma hata mara moja.

Wengi kati yenu munaijua, ao wazazi wenu waliijua. Ni gare ndogo ya njia ya Tenke–Dilolo, kisha Kasaji na Malonga, mbele ya kufika mupaka. BCK ilifungua ile njia katika mwaka 1931. Wakati ule mashini ilienda kwa mvuke, na mashini ya mvuke iko na kiu: kila fasi lazima ipate maji na kitu cha kuwasha moto. Njo maana magare yaliwekwa katikati ya majani matupu, fasi ambapo hakukuwa muji. Mutu wa reli alifika na bibi yake na watoto. Nyuma yao wakafika wengine, mpaka mama akasimama chini ya dirisha la treni na mihogo, karanga na chupa ya asali. Siku ya treni njo ilikuwa siku ya soko.

Divuma ilikuwa na bahati kupita ndugu zake, juu ya Kisenge. Manganezi ya Kisenge, ile inayotiwa ndani ya chuma ili kiwe kigumu na ndani ya mawe ya radio, ilishuka mpaka Divuma, ikaunganishwa na njia kubwa, ikaenda Lobito.

Katika mwaka 1975 vita ya Angola ikakata njia. Hapa, ndugu wachimbaji, musikilize vizuri: Kisenge haikuanguka juu ya madini kuisha. Madini yaliyochimbwa yalibaki pale, malundo malundo, yakinyeshewa na mvua. Kilichoisha ni treni. Kisha ikafika vita ya 1977, mpaka Mutshatsha, na ya 1978 mpaka Kolwezi, watu wakakimbia. Tangu pale vijana wa njia ile wamekuja kutafuta mukate kwenye machimbo yetu, na nyumbani wamebaki wazee.

Sasa njia imerudi. Upande wa Angola, Wachina waliitengeneza upya, na mwezi wa tatu 2018 madini ya Congo yalianza tena kupita kwenda Lobito. Lakini mashini ya leo haina kiu. Haiombi maji Divuma, haiombi kuni Malonga. Ile sababu ya zamani ya kusimama imekufa, na hakuna mutu ameweka ingine. Treni ya shaba itapita mbio, watoto wataipungia mukono, basi.

Watatuambia kusimama ni gharama. Ni kweli, kila kusimama kunakula wakati na feza. Lakini angalia meza yako, mama wa Kolwezi. Unga wa bukari unaotoka Zambia kwa kamio unapanda bei kila mupaka ukifungwa, na wakati ule mihogo na mahindi ya Kasaji yanakosa wago ya kuyaleta. Ile gharama nani anailipa? Inatoka ndani ya mushahara wa bwana yako.

Hatuombi treni ya kifalme. Wago mbili tatu za watu na mizigo, nyuma ya treni ya madini ao peke yake, hata mara mbili kwa juma, zingetosha kwa kuanza. Lakini ahadi ya mudomo tumeshaizoea. Mukataba wa hii njia uandike siku na saa ambayo treni ya watu itasimama Mutshatsha, Kasaji, Malonga na Divuma, na uandike nani atalipa siku ile isiposimama.