Koko Hazaliwi Koko

Mwezi uliopita alinitembelea hapa Keko rafiki yangu mmoja, malenga wa visiwani, mtu ninayemheshimu kwa umri na kwa kalamu. Nilimwandalia kahawa na kashata barazani. Kabla hajaketi akamwona mbwa wangu, mdogo asiyefika goti la mtu mzima, amelala juu ya maranda kando ya karakana ya jirani. "Wa nani huyu?" akauliza. Nikamjibu kuwa ni wangu, nimemchukua katika kituo kinachookoa wanyama. Rafiki yangu alikusanya kanzu yake, akaisogeza kahawa mbali, akanitupia maneno matatu ambayo tangu siku ile hayajanitoka: kwamba nimejitia najisi, kwamba nalisha mbwa ilhali watoto wa watu wanalala na njaa, na kwamba nimegeuka Mzungu nikikaribia miaka sitini.

Sikumjibu siku ile, kwani mgeni hajibizwi mlangoni. Namjibu leo, hadharani, kwa sababu najua hasemi peke yake.

Kwanza nieleze mbwa huyu alikotoka. Keko yajulikana mjini Dar es Salaam kwa mambo mawili: gereza lake na samani zake. Mchana kutwa misumeno yalia na randa zapita. Usiku mbao zabaki zimepangwa nje, na aghalabu mlinzi wa kwanza wa mbao hizo ni mbwa asiye na mwenyewe, ambaye mshahara wake ni makombo na mateke. Mmoja wa hao, jike la rangi ya mchanga, alizaa chini ya rundo la mbao. Asubuhi moja akakutwa amekufa, povu kinywani, na kipande cha nyama yenye sumu kando yake. Aliyeitega hakujitaja, wala hakuna aliyemwuliza. Wavulana wakawageukia watoto wake wanne kwa mawe, na sisi watu wazima tumeketi tunatazama. Nami nilikuwamo. Nalisema hili mapema, maana anayetaka kusuta wenziwe yampasa aanze na nafsi yake. Kijana mmoja, fundi wa kupaka vanishi, ndiye aliyewaokota wawili waliosalia, akawatia katika boksi la misumari, akapanda nao daladala hadi kituoni. Mmoja alifia njiani.

Msomaji asidhani kuwa mimi ni mpenzi wa wanyama. Nilipokuwa na miaka tisa, mwenzangu wa kucheza gololi aliumwa na mbwa mguuni. Kidonda kikapona, tukasahau. Wiki kadhaa baadaye akaanza kuogopa maji. Niliona akiletewa kikombe, na koo lake likakaza kabla maji hayajamgusa mdomo. Hakumaliza wiki. Tangu hapo niliwachukia mbwa kwa miaka arobaini, na chuki hiyo nikaiita hekima. Lakini usiku ule wa boksi la misumari sikulala. Nilijiuliza: chuki yangu hii ya miaka arobaini imemwokoa mtoto gani?

Baada ya miezi miwili nikaenda kituoni. Nilidhani nitatoa pesa na kuondoka na mnyama, kama mtu anunuavyo kuku. Haikuwa hivyo. Binti aliyenipokea, umri wake sawa na wa mwanangu wa mwisho, alinihoji kwa adabu lakini bila kulegeza. "Baba, ukisafiri nani atamlisha? Pana uzio? Mtamfunga mnyororo? Jirani wanasemaje?" Nikatia saini kwamba nitamchanja kila mwaka, kwamba atafungwa kizazi umri ukifika, na kwamba nikishindwa nitamrudisha pale pale, sitamtupa. Karatasi ile iliita jambo hilo "kuasili". Mimi mfasiri nikaguna. Kuasili ni neno la mtoto wa mtu, lina sheria yake na heshima yake, nami sikubali kulitwika mbwa. Mbwa hufugwa. Lakini je, "kufuga" kwetu kuna maana gani, ikiwa mtu humwacha mbwa alale jaani, ajilishe, azae ovyo, na siku akimwuma mtoto mwenye mbwa asema, "Huyo si wangu"? Nikalitafuta neno jingine, nikaliona "kudhamini". Mdhamini ni mtu anayesimama kujibu mambo yanapoharibika. Mbwa koko, basi, ni mbwa asiye na mdhamini, na hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu, neno kwa neno.

Ama kuhusu najisi, mimi si shekhe, wala sitafuti fatuwa ya kunifaa. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani, na hukumu yake naijua: mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Naifuata. Wamaliki wana kauli nyepesi zaidi, lakini sikuhamia kwao kwa ajili ya mbwa. Mbwa wangu haingii ndani ya nyumba. Ana bakuli lake, ana kibanda chake, na usiku analinda mbao za majirani. Lakini najisi ni hukumu ya kuosha. Haikuwa kamwe hukumu ya kutesa. Damu nayo ni najisi, na hakuna ampigaye mawe mtu anayetoka damu.

Tena, wanaonihubiria wamesahau nusu ya waliyosomeshwa chuoni. Katika Sura ya Pango, mbwa wa wale vijana ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini, na watu walipobishana juu ya idadi yao, kila kundi lilimhesabu na yeye. Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim, mtu aliteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Methali yetu ya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini yawasema watu waliozoeana wakavunjiana heshima. Tumeifanya sheria juu ya mnyama, kisha tukaiacha maana yake.

Neno la pili ni zito zaidi, nami silikwepi: njaa ya watoto. Mbwa wangu hula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa. Mtoto yeyote anayeyataka mabaki hayo ana madai makubwa zaidi juu yetu kuliko bakuli la mbwa. Lakini tuulize kichaa cha mbwa humwua nani. Mara dalili zikionekana, karibu hapana apataye kupona. Duniani huua maelfu kwa maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Hawa si watoto wa nyumba zenye ukuta na gari la kukimbizia hospitali. Ni watoto wa Keko, wa Mbagala, wa vijiji ambako sindano iko mbali na nauli haipo. Kwa hiyo suala la mbwa ni suala la maskini tangu mwanzo.

Na jibu lake halikutoka Ulaya. Limeonekana Pemba, kisiwani kwa wasomaji wa ukurasa huu. Watafiti walioufuatia ugonjwa huo huko kuanzia mwaka 2010 walitambua minyororo mitano ya maambukizi. Mbwa wakachanjwa kisiwa kizima, mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo ilivyozidi kuboreshwa mbwa wenye kichaa wakapungua, na vifo vya watu vikapungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kisiwani, mara mbili, ukalipuka upya. Chanjo ikarejeshwa, na Oktoba 2018 mlipuko ukazimwa. Sindano anayochomwa aliyeumwa huokoa roho ya mtu huyo, na lazima ipatikane. Lakini mnyororo wa ugonjwa hukatwa kwa kuwachanja mbwa wenyewe, yapata saba katika kila kumi.

Hapa ndipo naomba wenye sumu na bunduki wanisikilize. Sumu haichagui. Humwua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na nafasi yao hujazwa na wengine wasiojulikana walikotoka. Na mchanjaji afanyeje kwa mbwa ambaye hakuna mkono wa kumshika? Siku ya chanjo mbwa huletwa na mtu, kwa kamba, amezoea sauti ya mtu. Pasipo mdhamini sindano haifiki. Kwa hiyo mwenye kumtoa mbwa mmoja jaani akamchanja, akamfunga kizazi, akamzuia kuzurura, amewafanyia watoto wa mtaa wake jambo ambalo mawe ya wavulana mia hayalifanyi. Lau mtu mmoja tu angelimdhamini yule mbwa wa utotoni mwangu, mwenzangu wa gololi leo angekuwa na wajukuu.

Neno la tatu ni Uzungu. Hapa nacheka kidogo. Mwanazuoni Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wavaao nguo, akakusanya humo visa na mashairi ya Waarabu. Hakuwa Mzungu. Wasasi wetu wa bara na pwani waliingia mwituni na mbwa wao kabla ya meli ya kwanza ya Wareno. Tena tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria yake ya Ustawi wa Wanyama, iliyopitishwa na Bunge letu, nayo yahesabu ukatili kwa mnyama kuwa kosa.

Kama twautafuta Uzungu, tuutafute katika neno "mbwa shenzi". Shenzi ni tusi tulilowapachika watu wa bara sisi wa pwani; walowezi wakalidaka, wakalirusha kwa watu na kwa mbwa sawia. Leo mwenye nacho hununua mbwa wa mbegu ya ng'ambo kwa mamilioni, akamfunga mnyororo mchana kutwa nyuma ya ukuta ili awe mkali, na mbwa akizeeka hutupwa nje ya geti. Huyo hatumwiti Mzungu, twamwita tajiri. Anayeokota wa jaani kwao ndiye tunayemcheka. Je, yupi kati yao amekopa macho ya watu wengine?

Siwasamehe wenzangu pia, wale wapendao wanyama. Yupo achukuaye mbwa kituoni kwa sababu ni mdogo na mzuri wa picha, na baada ya miezi sita amchoka na kumwacha mtaani. Huyo amemfanya koko mara ya pili, na dhambi yake imemzidi wa mawe, kwa kuwa yeye alitia saini. Yupo amwachiaye mbwa amrukie mgeni mwenye udhu, kisha aseme, "Hana neno, anacheza." Ana neno! Heshima ya jirani ni sehemu ya udhamini. Rafiki yangu alipokusanya kanzu yake alikuwa na haki. Ilinipasa nimfunge mbwa kabla ya ugeni, na kwa hilo namwomba radhi.

Kwa mengine, simwombi. Namwalika arudi. Kahawa itakuwa mezani, mbwa atakuwa kibandani kwake, kadi yake ya chanjo nitamwonyesha. Jina lake ni Maranda, kwa kuwa ndiyo malazi aliyozaliwa juu yake. Wavulana wale wale wa mawe sasa humwita kwa jina hilo wakitoka chuoni. Na kwa kuwa rafiki yangu ni malenga, asije akadai kuwa nimemjibu kwa nathari tupu, namwachia beti hili alijibu akitaka:

Mwenye jiwe na kiboko, ungekuwa nao utu,
Usingemtupa huko, jaani asile kitu,
Hana bei wala soko, mlinzi wa nyumba yetu,
Koko hazaliwi koko, hufanywa hivyo na watu.