Vijana Wetu Wamesoma. Nani Atawafunza Kazi?

Wazazi wa Mlolongo wameambiwa kwa miaka mingi kwamba mtoto akifika chuo kikuu, umaskini umekwisha kufukuzwa nyumbani. Kwa imani hiyo wameuza mbuzi na vipande vya ardhi, wameita harambee, wamekopa katika vyama vya akiba, nao watoto wenyewe wamekopa kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Miaka minne ikipita, kijana hurejea na shahada yake, akaanza kuzunguka kutoka lango la kiwanda kimoja hadi lango la kiwanda kingine katika barabara ya Mombasa. Kila mahali huulizwa jambo lile lile: una tajriba ya miaka mingapi? Hana hata mmoja. Alikuwa masomoni. Na mwaka mmoja tu baada ya kumaliza masomo, deni la HELB huanza kudaiwa, awe amepata kazi au hajapata.

Sisi twauliza: shahada hiyo ilimwandaa kijana huyu kwa kazi gani? Na kama haikumwandaa, kosa ni la nani?

Majibu mawili ya haraka husikika sana. La kwanza husema kwamba vijana wa leo ni wavivu, tena wanachagua kazi. La pili husema kwamba shahada ni karatasi tu, na kwamba afadhali kijana angejifunza kulehemu vyuma tangu mwanzo. Yote mawili twayakataa. La kwanza ni matusi kwa watu waliofanya kila walichoambiwa wafanye. La pili huwapendeza wakubwa, ambao huwashauri watoto wa maskini waache chuo kikuu huku wa kwao wakiendelea kukisoma, hapa nchini na ng'ambo.

Ukweli ni mwingine, na sheria zetu wenyewe zimekwisha kuukiri. Tazama daktari. Akimaliza chuo hapewi wagonjwa awatibu peke yake. Hupelekwa hospitalini kwa mwaka mmoja, afanye kazi chini ya jicho la madaktari wenzake waliomtangulia. Tazama wakili. Baada ya shahada ya sheria hurudi darasani katika Kenya School of Law, tena hukaa miezi 6 katika ofisi ya wakili mwenye uzoefu kabla ya kuruhusiwa kusimama mahakamani kwa jina lake. Tazama mhandisi. Shahada humwezesha kusajiliwa kama mhandisi mhitimu tu. Hatambuliwi kuwa mhandisi kamili mpaka awe amefanya kazi kwa angalau miaka 3.

Maana yake ni nini? Ni kwamba pale ambapo kosa la mhitimu laweza kuua mtu, kumfunga asiye na hatia au kuangusha jengo, taifa halikuthubutu kuiamini shahada peke yake. Liliweka daraja kati ya chuo na kazi, na daraja hilo ni uanagenzi. Wahenga walikuwa wamekwisha kunena: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Sasa mtazame mhitimu wa biashara, wa uchumi, wa kompyuta, wa kilimo, wa elimu ya jamii. Daraja lake liko wapi? Vyuo vingi humwambia atafute mwenyewe mahali pa kujifunzia kazi kwa muda wa wiki kadhaa. Akipapata, mara nyingi halipwi hata nauli. Hutumwa chai, hupewa karatasi za kunakili, kisha hutiwa sahihi kitabu chake kwamba amefunzwa. Asipopapata, lawama ni yake. Anayepata nafasi ya maana ni yule ambaye mjomba wake anamjua meneja. Basi swali la tajriba, linaloulizwa langoni kana kwamba ni la haki kwa wote, kwa hakika ni swali la kujuana. Mwenye mtu wa kumshika mkono huitwa mwenye uzoefu. Asiye na mtu huitwa asiyefaa.

Jina la mji wetu huwakumbusha wakubwa wetu jambo la namna hiyo. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama tawala cha KANU, wapiga kura walipangwa mstari nyuma ya wagombea wao, na aliyetangazwa kuwa amepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Wananchi waliona kwa macho yao mistari mirefu ikishindwa na mistari mifupi. Utaratibu ule uliachwa mwaka 1990, na Desemba 1991 Kifungu 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kikaondolewa katika Katiba. Lakini mlolongo wa kutafuta kazi haujafutwa. Vijana hupanga mstari mchana kweupe, na jina litakalotangazwa huwa limekwisha kuandikwa usiku.

Hata palipo na daraja, serikali imelionea uzito kulilipia. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya mambo yaliyowagombanisha na serikali lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mapatano ya mwaka 2017 yalitaja shilingi 206,000 kwa mwezi, nayo serikali ikataka kutoa 70,000. Madaktari hao wana chama na wana sauti. Je, mhitimu wa biashara asiye na chama, atasemewa na nani?

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuyageuza masomo yenyewe yawe ya kazi za mikono. Dawa hiyo tumekwisha kuinywa. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilitoa ripoti yake mwaka 1981, na mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaanza, ukiahidi kwamba mtoto atatoka shuleni akijua useremala, ushonaji, upishi au kilimo, aweze kujitegemea. Lengo lilikuwa jema. Lakini gharama ya karakana iliwaangukia wazazi na harambee zao. Shule nyingi zilipata kuta bila vifaa, na vifaa bila walimu waliowahi kuishi kwa ufundi huo. Mwishowe mtoto aliulizwa juu ya randa katika karatasi ya mtihani, na aliweza kupasi bila kuishika. Amali iligeuka kuwa nadharia ya amali. Watoto wa leo wanasoma mtaala wa umilisi ulioanza kuenezwa mwaka 2019, nao una ahadi kama zile. Twaonya mapema: umilisi haupatikani kwa kubadili jina la mtaala. Hupatikana pale palipo na kifaa, na mtu anayekijua, na muda wa kukosea mbele yake.

Kosa jingine lilitendeka juu kabisa. Nchi ilipotaka vyuo vikuu vingi, ilivinyoshea mkono vyuo vyake vya ufundi. Mwaka 2007 Kenya Polytechnic ya Nairobi na Mombasa Polytechnic zilifanywa vyuo vikuu vishiriki, na mwaka 2013 zikawa vyuo vikuu kamili. Hapa Machakos, chuo cha kufunzia ufundi kilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011, kikapewa hati mwaka 2016. Hatulalamiki kwamba Ukambani imepata chuo kikuu. Ilistahili kupata, tena mapema zaidi. Tunalosema ni kwamba kiwanda hakiendeshwi na wahandisi peke yao. Kwa kila mhandisi mmoja huhitajika mafundi kadhaa wa daraja la kati, wanaojua kwa nini mashine imenyamaza usiku wa manane. Tulipowafundisha vijana kwamba stashahada ni aibu na shahada ndiyo heshima, tuliwadharau watu hao wanaoshikilia uchumi. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 imejaribu kuirudisha hadhi yao, lakini hadhi hairudi kwa sheria ikiwa mshahara na cheo kazini vimebaki vile vile.

Mpinzani mwingine twamheshimu zaidi. Yeye husema kwamba chuo kikuu si karakana, na kwamba kazi yake ni kumfundisha mtu kufikiri. Hapo tumo pamoja. Wakenya hawajasahau jinsi chuo kikuu kilivyofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wala jinsi wahadhiri walivyonyimwa chama chao tangu kilipopigwa marufuku mwaka 1980 hadi kiliposajiliwa tena mwaka 2003. Watawala hawakuziogopa karakana, waliogopa fikira. Kwa hiyo hatutaki historia, falsafa na fasihi zifutwe ati kwa sababu hazina soko. Twataka msomi wa historia apewe mwaka wake katika nyaraka za taifa, katika chumba cha habari, katika ofisi ya bunge la kaunti, ajue fikira zake zinafaa wapi. Kufikiri na kutenda si maadui.

Wala hatudai kwamba uanagenzi utaziumba kazi zisizokuwako. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya, ukaeleza kwamba tatizo kubwa si watu kukaa bure tu, bali ni wengi wanaofanya kazi kutwa kucha na wasipate riziki ya kutosha. Ujumbe huo uliwatazama mafundi wa jua kali kwa heshima, ukataka wasaidiwe badala ya kufukuzwa. Zaidi ya miaka 50 imepita, na vibanda vya jua kali bado huvunjwa. Uchumi usiopanuka hautawaajiri wahitimu wote, hata wangekuwa hodari namna gani. Lakini uanagenzi wa wazi huondoa kisingizio cha tajriba, na hufunga mlango wa nyuma. Hayo mawili si madogo.

Na ikiwa liko eneo lisilo na udhuru, ni hili letu. Mlolongo ulikuzwa na malori na mizani ya barabara kuu. Jirani yetu Athi River ina viwanda vya saruji, ina Tume ya Nyama ya Kenya, ina eneo la viwanda vya mauzo ya nje lililotokana na sheria ya mwaka 1990. Syokimau ina kituo cha reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, huanzia hapa Mlolongo. Chuo Kikuu cha Daystar kina mabewa yake Athi River, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina kituo chake huko huko. Kiwanda, chuo na kituo cha mafunzo vyatazamana, na kijana apita katikati akiwa hana pa kuingia.

Fedha nazo zipo. Kwa sheria, mwajiri hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ziwe tozo la mafunzo ya viwandani. Ni fedha zilizotokana na jasho la wafanyakazi, na wana haki ya kujua zimewafunza nani.

Kwa hiyo, sisi twadai mambo manne.

Kwanza, kila shahada na kila stashahada iwe na muda wa uanagenzi usiopungua miezi 6, wenye mkufunzi anayejulikana na posho inayotosha nauli na chakula. Chuo kinachoandikisha wanafunzi kiwajibike kuwatafutia nafasi, kisichoweza kisiwapokee.

Pili, nafasi zote za uanagenzi katika ofisi za umma zitangazwe, na orodha ya waliochaguliwa ibandikwe hadharani pamoja na sababu. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tuitumie.

Tatu, matumizi ya tozo la mafunzo yachapishwe kila mwaka, kaunti kwa kaunti. Na kila mkataba mkubwa wa serikali, wa barabara, reli au jengo, utaje idadi ya wanafunzi watakaofunzwa na kazi watakazofunzwa.

Nne, Serikali ya Kaunti ya Machakos ivipe vyuo vya ufundi vya vijijini vifaa na walimu, kwa maana Katiba imevikabidhi mikononi mwake. Vyuo vya namna hiyo vilianza baada ya Baraza la Makanisa kuuliza, mwaka 1966, watoto waende wapi baada ya shule. Swali hilo halijapata jibu.

Haya si maombi ya hisani. Ibara ya 55 ya Katiba huiagiza serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, na wapate ajira. Wakenya waliipitisha Katiba hiyo kwa kura zao mwezi Agosti 2010. Si zawadi ya mtu.

Kwa wazazi wa Mlolongo twasema: msijute kuwasomesha watoto. Lakini anapokuja mgombea akiahidi chuo kikuu kipya, msimpigie makofi mpaka ajibu maswali haya: wanafunzi wa chuo hicho watajifunza kazi wapi, chini ya nani, na kwa fedha zipi? Na kwa vijana twasema: msikubali kuitwa wasio na uzoefu na watu wale wale waliowanyima mahali pa kuupata. Jiungeni, andikeni majina yenu, daini orodha zibandikwe. Nafasi inayotolewa gizani haitakuwa yenu kamwe.